Wifi yangu atajifungulia Newala na kuishi Lindi: nimfumie mtoto nini?

Assalaam aleikum Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mkazi wa Mikindani, na ni msomaji wako wa siku nyingi. Mke wa kaka yangu ni mjamzito, na kwa hesabu za kliniki anatarajiwa kujifungua mwishoni mwa Juni. Wao wanaishi Lindi mjini, karibu kabisa na bahari, ila kwa kuwa huu ni uzazi wake wa kwanza, atapanda Newala kwa mama yake mzazi na kukaa huko mpaka arobaini itimie, ndipo arudi kwa mumewe. Huyu atakuwa mtoto wa kwanza wa kaka yangu, nami ndiye shangazi yake wa pekee, kwa hiyo sitaki kwenda kumtazama mzazi nikiwa na zawadi ya kuokoteza njiani.

Kufuma nakujua kiasi. Nilianza na vitambaa vya makochi kwa sindano ya ndoano, kama wasichana wengi wa rika langu, na baadaye jirani yetu aliyekuwa akifuma masweta ya wanafunzi akanifundisha kutumia sindano mbili. Nimekwisha kununua madonge matano ya uzi mweupe, mnene, wa akriliki. Kwenye simu nimeona picha ya seti nzima ya mtoto mchanga: sweta la mikono mirefu lenye kofia ya mgongoni na kamba ya kufunga shingoni, soksi, vifuko vya mikono, na blanketi lenye matundu ya maua. Seti hiyo imeniteka moyo, na nilikuwa nimeazimia kuifuma yote kabla ya likizo ya Juni.

Tatizo ni kwamba kila ninayemweleza ana lake. Mume wangu ananicheka na kuniuliza ni lini nimemwona mtoto wa Lindi amevaa sweta. Yeye anaona ninunue nguo za dukani, yaishe. Mama yangu mzazi hapingi kufuma, ila anasema haifai kumwandalia nguo mtoto ambaye hajafika duniani, na kwamba nisubiri azaliwe ndipo nishike sindano. Rafiki yangu mmoja, ambaye aliwahi kufanya kazi Newala, anasema kule Julai usiku kuna baridi ya kutetemesha, kwa hiyo niendelee na mpango wangu wala nisiwasikilize watu wa pwani. Wifi mwenyewe nilipomuuliza alitabasamu tu akasema, "Utakacholeta, wifi, nitapokea kwa mikono miwili," jibu la heshima ambalo halikunisaidia kitu.

Sina muda wa kufuma kila kitu, na ninaogopa kazi yangu isije ikaishia sandukuni bila kuvaliwa hata mara moja. Naomba uniambie nichague nini, kwa uzi gani na kwa kipimo gani, na kama niifume sasa au nimsikilize mama.

Mfumaji wa Mikindani

*

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba.

Mfumie kofia mbili nyepesi za pamba na kizibao kimoja cha pamba, kisicho na mikono, kilicho wazi mbele, chenye kipimo cha mtoto wa miezi mitatu. Blanketi na vifuko vya mikono viache kabisa. Sweta la mikono mirefu liahirishe kwa mwaka mmoja, na chini nitakueleza kwa nini nimesema mwaka na si mwezi.

Mumeo na rafiki yako wote wawili wamesema kweli, isipokuwa kila mmoja amekutazamia nusu ya safari ya mtoto huyu. Atazaliwa mwishoni mwa Juni juu ya uwanda wa Makonde, wakati kusi linavuma, na Newala iko ukingoni mwa uwanda huo, juu ya bonde la Ruvuma, mahali ambapo upepo wa usiku na wa alfajiri hauna kizuizi. Hapo atakaa Julai nzima na siku za mwanzo za Agosti. Kisha atateremka Lindi, ambako Agosti na Septemba jioni bado kuna upepo wa kuvumilika, lakini kuanzia Oktoba joto linapanda, na kati ya Novemba na Machi hakuna mzazi mwenye akili timamu atakayemvisha mtoto kitu cha kufuma. Baridi itakaporudi, Juni inayofuata, mtoto atakuwa ametimiza mwaka na anajaribu kusimama. Wafumaji wengi hushauriana kufuma kipimo cha miezi sita kwa sababu mtoto hukua haraka, na kwa mahali penye baridi ya mfululizo ushauri huo ni mzuri. Kwa mtoto wako, miezi sita itaangukia Desemba, katikati ya joto la Lindi, na sweta lako litakuwa sandukuni kama unavyoogopa. Ndiyo maana nakuambia ufume ama kitu cha wiki hizi za kwanza, ama kitu cha mtoto wa mwaka mzima, na kilicho katikati ya hapo ukiache.

Kuhusu uzi, akriliki si uzi mbaya, lakini kwa mtoto mchanga wa kwetu una kasoro moja kubwa ambayo picha za kwenye simu haziwezi kukuonyesha, nayo ni pasi. Unajua kwamba nguo za mtoto zinazoanikwa nje hupigwa pasi hata kama ni nepi, na sababu yake si unadhifu peke yake: wapo inzi wanaotaga mayai kwenye nguo zenye unyevunyevu, na mabuu yao huingia kwenye ngozi ya mvaaji na kutengeneza kitu kama jipu. Joto la pasi huyaua mayai hayo. Pamba huvumilia pasi ya moto, lakini akriliki ikiguswa na pasi hiyohiyo hulegea, hubapa, na mwishowe huyeyuka, kwa hiyo bibi wa mtoto atalazimika kuchagua kati ya kuiharibu kazi yako na kumvisha mjukuu wake nguo isiyopigwa pasi. Tena akriliki hainywi jasho. Fikiria mtoto aliyebebwa mgongoni kwa mbeleko, kifua chake kimegusana na mgongo wa mama, na katikati yao kuna sweta nene la akriliki. Saa moja ya namna hiyo Lindi inatosha kumtoa mtoto harara shingo nzima.

Pamba nayo ina tabia zake. Hunywa maji mengi, huwa nzito ikilowa na huchelewa kukauka, na hilo lina uzito wa pekee Newala, kwa kuwa juu ya uwanda ule mvua hunywewa na mchanga, na maji ya kufulia yamekuwa shida ya watu wa huko tangu zamani za mababu. Sababu hiyo peke yake inatosha kukufanya ufume vitu vidogo na vyembamba. Tafuta uzi wa pamba tupu wa unene wa kati, usio na manyoya wala vimetameta, kwa maana manyoya humwingia mtoto puani. Gramu 150 zitatosha kofia zote mbili na kizibao, na zikibaki zitabaki kidogo. Ukikuta donge halina lebo na muuzaji anaapa kuwa ni pamba, omba kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa kibanio, nenda nje ukichome. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi na huacha jivu laini la kijivu. Akriliki hujikunja, hutoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu ambacho hakivunjiki ukikibinya kilipopoa.

Sasa kofia, maana hiyo ndiyo itakayovaliwa kuliko yote. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kikilinganishwa na mwili wake, na joto jingi hupotelea hapo. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtoto mchanga avishwe tabaka moja au mbili za nguo zaidi ya mtu mzima aliye mahali hapohapo, pamoja na kofia. Kwa familia yenu kuna jambo la ziada: ikiwa mtafanya akika siku ya saba na mtoto akanyolewa, atakuwa na kichwa kitupu katika wiki za baridi kali kuliko zote za mwaka, na kofia yako itakuwa imefika wakati inapohitajika hasa.

Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi ya kuzaliwa huwa na mzunguko wa sentimita 34 au 35 hivi. Kofia inapaswa kuwa ndogo kuliko kichwa ili ishike, kwa hiyo lenga sentimita 32. Kabla ya kuanza, fuma kipande cha majaribio chenye upana wa sentimita 15 kwa sindano za milimita 3.5 au 4, kifue, kikaushe, ukipige pasi, ndipo uhesabu mishono iliyomo ndani ya sentimita 10 za katikati. Usihesabu kabla ya kufua, kwa sababu pamba hubadilika ikishapita majini. Ukipata mishono 22, basi 2.2 mara 32 ni 70 na kitu, na 70 ndiyo mishono ya kuanzisha. Pamba ikivutwa hairudi kama sufu, kwa hiyo ukingo peke yake hautashika. Fuma kofia yote kwa kupokezana mshono wa kawaida mmoja na wa kinyume mmoja, kwa sindano ndogo zaidi ya ile ya kizibao, ili ifumbate yenyewe na itanuke kadiri kichwa kinavyokua. Na kitakua: katika miezi mitatu ya kwanza kichwa huongezeka karibu sentimita 2 kila mwezi. Kimo cha sentimita 14 kinatosha, utosi ukiwemo. Pa kuungia pasiwe na mshono mnene, kwa kuwa kichwa kilichonyolewa juzi hukwaruzika kwa kitu kidogo. Usiweke kamba za kidevuni wala kishada cha kuning'inia.

Kizibao nimekichagua kwa sababu mtoto wa siku arobaini hutwa amefungwa ndani ya khanga, na mikono mirefu ya sweta hujikunja chini ya khanga na kumbana kwapani. Kinachohitaji kufunikwa ni kifua na mgongo. Kiwe wazi mbele kwa sababu shingo yake haijakaza, na hakuna mama anayependa kupitisha nguo ya kubana juu ya kichwa kinacholegea huku mtoto analia. Fuma kipande kimoja kuanzia chini, mzunguko wa sentimita 46, yaani mishono 101 kwa hesabu ile ile, na ongeza mingine 20 upande mmoja wa mbele ili upande huo upite juu ya mwenzake. Panda hadi kwapani, ndipo ugawe mgongo na mbele mbili, na uache tundu la mkono liwe pana, pana kuliko jicho lako linavyotaka. Urefu wote usizidi sentimita 25. Badala ya vifungo, ambavyo hung'oka na kuingia mdomoni, shona vikamba viwili vifupi vya kitambaa cha pamba ubavuni, mbali na shingo. Ile kofia ya mgongoni yenye kamba ya shingoni uliyoiona kwenye picha usiiguse; viwango vya usalama vya nguo za watoto vya Ulaya haviruhusu kamba shingoni kwa watoto wadogo, kwa sababu hunasa mahali na kukaba.

Wewe uliyelelewa na vitambaa vya makochi nina neno nawe kuhusu matundu. Najua mkono wako utatamani kuweka maua na nyavu, na kwenye kochi hupendeza kweli. Kwa mtoto, tundu linalopitisha kidole chake ni mtego. Nyuzi zinazoachwa ndani ya soksi na vifuko vya mikono ni mbaya zaidi: uzi mmoja, au hata unywele wa mama uliodondokea humo, unaweza kujizungusha kwenye kidole na kukikaza mpaka kikavimba, na mama haoni kwa sababu kimefunikwa. Kwa hiyo, nikiacha hoja kwamba mtoto huhitaji viganja vyake wazi anaponyonya, vifuko vya mikono mimi sivipendi hata vya dukani. Soksi jozi moja si vibaya ukipenda, ila geuza ndani nje ukague mikia yote ya nyuzi, na ukingo usiache alama mguuni.

Blanketi la kufuma ni kazi ndefu, na mtoto analala ndani ya chandarua ambako hewa tayari ni nzito. Likimfunika uso hawezi kulitoa. Mama yake ana khanga, nazo hukauka ndani ya saa moja. Usithubutu pia kugeuza wazo hilo kuwa mbeleko ya kufumwa, kama nilivyoona wengine wakifanya, kwa sababu kitu cha kufumwa hunyumbuka kwa uzito na mtoto atateleza.

Mumeo mwambie tu kwamba nguo za dukani kila mgeni atazileta. Mama yako ni jambo jingine, na sipendi umvunje moyo. Anachokizuia, kwa jinsi ninavyolielewa katazo hilo kwetu, ni kutangulia kumpelekea mama mjamzito nguo za mtoto na kuzitangaza. Fuma sasa, ukae kimya, vitu vikae kwako Mikindani, na wifi asionyeshwe hata picha. Ukisubiri azaliwe ndipo uanze, kofia itafika Newala mtoto ameshapitisha baridi. Mwendee mama umweleze hivyo kwa adabu, na akikataa kabisa, mwombe basi ufume vipande na uviache bila kuunganishwa mpaka habari njema ifike; kushona vikamba na utosi wa kofia ni kazi ya jioni moja. Rangi isikusumbue: manjano au kijani kibichi hufaa mtoto yeyote, na nyeupe haivumilii maziwa yanayocheuliwa.

Siku ya kwenda, mpelekee na wifi doti moja ya khanga, kwani yeye ndiye aliyejifungua. Maelezo ya kufua mpe mama yake mzazi, ambaye ndiye atakayefua: sabuni ya kawaida, ianikwe imelazwa na isitundikwe kwa mabega, kisha pasi. Mwambie pia kofia ni ya kutolea mtoto nje, ya baada ya kuoga na ya alfajiri yenye upepo. Anapolazwa ndani na kuna joto, avuliwe. Ajue ameshiba joto kwa kumgusa kifuani au nyuma ya shingo, maana viganja na nyayo za mtoto mchanga huwa baridi hata akiwa hana shida. Penye jasho, nguo moja itoke.

Yale madonge matano meupe si hasara. Yanaweza kuwa sweta la Juni ijayo, kwa mtoto wa mwaka mmoja anayetembeatembea na ambaye haguswi tena na mambo ya mbeleko mchana kutwa: kifua chake kitakuwa sentimita 46 hadi 48, kwa hiyo fuma mzunguko wa sentimita 52, mbele wazi. Lifume taratibu, wala usilipeleke Newala. Au yawe vitambaa vya makochi vya sebule ya kaka yako, na hapo matundu weka utakavyo. Ukiamua sweta, ulihifadhi likiwa limekauka vizuri juani, ndani ya khanga safi, na ulitoe mara mojamoja lipigwe hewa lisishike ukungu wa pwani. Usiliwekee vile vidonge vyeupe vya nafthalini vinavyotiwa kabatini kufukuza wadudu. Nondo hawali akriliki, na wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali isiyo ngeni katika nchi zenye malaria kama yetu, ambao mvuke wa nafthalini uliobaki kwenye nguo unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu yao na kuwaletea manjano kali. Nguo yoyote ya mtoto iliyowahi kukaa na vidonge hivyo, hata ya kurithi, ifuliwe na ipigwe hewa siku kadhaa kabla haijamgusa, na ikiwa bado inanuka isivaliwe.